Ufadhili na umfuate mpatanishi

Tarehe 15 Mei ya kila mwaka Rotary hufunga dirisha la maombi ya ufadhili wake wa masomo ya amani. Kwa miaka ya karibuni nafasi zimekuwa hadi 130 kwa dunia nzima: 50 za shahada ya uzamili, na 80 za kozi fupi zaidi kwa watu waliokwisha kukomaa kazini. Wa uzamili hupelekwa Bradford kule Uingereza, Uppsala kule Sweden, Queensland kule Australia, Tokyo na kwingineko. Wa kozi fupi, tangu mwaka 2021, wanaweza kusoma Makerere hapa jirani. Ada inalipwa, chumba na chakula vinalipwa, tiketi ya kwenda na kurudi inalipwa. Huulizwi baba yako ni nani.

Si Rotary peke yake. Serikali ya Uingereza ina Chevening tangu 1983: mwaka mmoja wa uzamili, kwa sharti kwamba ukimaliza urudi kwenu ukae angalau miaka miwili. Wajerumani, kupitia DAAD, wana mpango wa Helmut Schmidt wa sera na utawala bora, na ndani yake yamo masomo ya amani na migogoro ya Magdeburg. Wasweden nao wana ufadhili wao. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Notre Dame kina Taasisi ya Kroc, iliyoanzishwa 1986 kwa fedha za Joan Kroc, mjane wa tajiri wa migahawa ya McDonald's. Mikate ya nyama imesomesha wapatanishi wengi kuliko hazina zetu.

Kwa hiyo fedha zipo. Hazitoshi, lakini zipo, na kila mwaka wapo vijana wetu wanaozipata. Tatizo letu ni kwamba zinamfikia kwa urahisi zaidi anayejua kuandika habari za ugomvi kuliko anayejua kuumaliza. Na kosa hilo si la wafadhili peke yao.

Tumtunge mtu mmoja, kwa kuwa wa namna yake wako wengi. Ni mtendaji wa kata wilayani Kilosa, mwanamke wa miaka 31, ana shahada ya kwanza ya maendeleo ya jamii na miaka saba kazini. Kila kiangazi ng'ombe wanaingia mashambani, na kila kiangazi anagongewa mlango usiku. Anajua laigwanani (kiongozi wa jadi wa Kimaasai) yupi akisema neno vijana wanashusha fimbo. Anajua pia mkulima yupi anayefoka mkutanoni mchana, kisha jioni anawauzia wafugaji mabua. Amekwisha kukaa chini ya mti kutwa nzima akisubiri pande mbili zikubali tu kukaa kwenye mkeka mmoja. Kilosa si mahali pa mchezo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Sasa mkalishe mbele ya fomu. Inamtaka aeleze, kwa maneno mia chache, jinsi alivyoonyesha uongozi. Ataandika: nilishiriki vikao vya usuluhishi katika kata yangu. Basi. Ameona haya kujisifu, na isitoshe, kwake hiyo ni kazi tu. Mwenzake wa mjini, aliyekaa miaka mitatu katika asasi na kuandaa makongamano manne ya vijana na amani, yenye fulana, mabango na posho, atajaza ukurasa mpaka pembeni. Anajua maneno yanayopendwa. Ana wadhamini wawili wenye barua pepe wanaojibu siku hiyohiyo. Hatumlaumu, maana amejifunza mchezo unavyochezwa. Lakini kati ya hao wawili, ng'ombe wakiingia shambani usiku wa manane, ungempigia simu nani?

Fani yenyewe haikuanza darasani, na hilo watu wanalisahau. Idara ya masomo ya amani ya Bradford ilianzishwa 1973 kwa michango iliyokusanywa na Wakristo wa dhehebu la Wakweka (Quakers), na profesa wake wa kwanza, Adam Curle, alikuwa ametoka kuhangaika kati ya pande mbili za vita vya Biafra, akibeba ujumbe wa hawa kwa wale. Alianza na vumbi, chaki ikafuata. Leymah Gbowee wa Liberia alikuwa mhudumu wa jamii aliyeshughulika na watoto walioharibiwa na vita. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa walioongoza wanawake waliovaa nyeupe kudai amani mjini Monrovia, na mazungumzo ya Accra yalipokwama wakakaa mlangoni mwa ukumbi wakakataa kuwaruhusu wajumbe kutoka kabla ya kupatana. Mkataba ulitiwa saini Agosti mwaka huo. Shahada yake ya uzamili, kutoka Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite kule Virginia, aliipata 2007, na Nobel ikaja 2011. Darasa lilimkuta njiani.

Tuna wa kwetu pia. Mapema miaka ya 1990, Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo zilikuwa zikiuana, ukame umekausha visima, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kumuuzia maziwa wa ukoo mwingine. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wachache walianza hapohapo sokoni. Walikubaliana kwamba soko litakuwa wazi kwa kila mwanamke, wakaweka watu wa kuangalia nani anamzuia nani. Baada ya soko wakawaendea wazee, baada ya wazee vijana, kisha wafanyabiashara, kisha serikali. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliingizwa katika mfumo wa maendeleo wa wilaya, na sehemu nyingine za Kenya zikaja kujifunza. Baadaye Dekha alikwenda Birmingham, akafundisha, akashirikiana na wenzake kuandika kitabu cha mafunzo kilichotoka mwaka 2000 na kusomwa duniani kote. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani, mapema mno. Wajir ilianza kwenye maziwa. Vitabu vilikuja baadaye, na waliokwenda vyuoni Ulaya wakavikuta maktabani.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi darasa ni bure. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952, na karibu nusu karne baadaye akaketi Arusha kuwapatanisha Warundi. Hakusomea upatanishi, lakini hakuna atakayesema Edinburgh haikumpa kitu. Kozi nzuri ya migogoro humfundisha mtu kutenganisha kile ambacho upande unadai na kile unachohitaji. Mkulima anadai wafugaji wahamishwe. Anachohitaji ni mahindi yake yafike Julai. Mfugaji anadai apewe kijiji. Anachohitaji ni lambo lenye maji mwezi wa tisa na njia ya kulifikia. Madai hayo hayakutani popote, ila mahitaji yanaweza kukutana kwenye ramani. Kozi hiyo humfundisha pia kwamba amani ya mkataba wa juu haishuki chini yenyewe, na ya kijijini haipandi juu yenyewe, bali anatakiwa mtu wa katikati mwenye miguu pande zote mbili: mkuu wa shule, shehe, padri, ofisa wa halmashauri. John Paul Lederach, aliyekuwa mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha amani cha chuo kilekile cha Virginia alikosoma Gbowee, amejenga nusu ya sifa yake juu ya wazo hilo. Mtendaji wetu wa Kilosa ndiye mtu wa katikati. Hajui tu kwamba ana jina.

Ila darasa nalo lina upofu wake, na huo unapona tu kwa kuingiza watu wa namna yake. Chukua Uppsala, yenye idara ya utafiti wa amani na migogoro tangu 1971 na hifadhi ya takwimu inayotumiwa na watafiti wa kila bara. Kizingiti chao cha kuhesabu mgogoro ni vifo 25 kwa mwaka. Lazima wachore mstari mahali fulani, tunaelewa. Lakini ugomvi wa mpaka wa shamba unaoua watu wawili mwaka huu, watatu mwaka kesho, na kuacha vijiji viwili havisalimiani kwa miaka kumi, haupo katika hesabu hiyo. Anayeujua ni yule aliyeukalia. Asipoingia darasani, darasa halitaujua.

Milango basi iko wapi, na nani ameibana?

Chevening wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Wanakubali kazi ya kujitolea, jambo ambalo waombaji wengi hawalisomi mpaka mwisho wa ukurasa. Rotary wanataka miaka mitatu ya kazi kwa uzamili. Sweden wanataka saa 3,000. Kwa maandishi, masharti haya yanampendelea mtu wa vitendo. Shida ni ushahidi. Kijana aliyekuwa katibu wa kamati ya maridhiano ya kijiji kwa miaka mitano ana saa hizo na chenji ikabaki, lakini hana mkataba, hana kitambulisho cha kazi, na aliyekuwa mwenyekiti wake hana hata karatasi yenye nembo. Hapo ndipo tunapowageukia wakurugenzi wa halmashauri, makadhi, maaskofu, mahakimu wa mahakama za mwanzo na machifu wa Kenya. Barua moja inayosema fulani alikaa katika usuluhishi huu, tarehe hizi, mgogoro ulikuwa huu na uliishia hivi, haigharimu kitu. Kwa mwombaji inaweza kuwa kila kitu. Mnaandika barua za utambulisho kwa ajili ya laini ya simu. Andikeni na hizi.

Kwa waombaji tuna neno pia. Ofisi yetu imeletewa rasimu za insha mara kadhaa, wenyewe wakiomba tuzipitie, na zinafanana kama sare za shule. Kila mmoja ana shauku tangu utotoni. Kila mmoja anataka kuleta mabadiliko barani. Wengine, ni dhahiri, wameandikiwa na kompyuta. Acheni. Mwandikieni mfadhili habari za ugomvi mmoja: nani aligombana na nani, juu ya nini, ulikaa wapi, ulisema nini kikaharibu, ulisema nini kikatengeneza. Kikao kilichoshindikana kikielezwa kwa ukweli kinaonyesha akili ya mtu kuliko makongamano kumi. Wala hamna haja ya kumlipa mtu wa kuwajazia fomu. Rotary, Chevening na DAAD hawatozi ada ya kuomba. Vyuo vya Sweden vinatoza krona 900 za maombi ya chuo, na huilipi kwa wakala wa mtaani. Anayekudai fedha ili jina lako lipite ni tapeli, hata kama ofisi yake ina viyoyozi. Mtihani wa Kiingereza ndio unaouma kweli, maana mara nyingi hulipwa mfukoni kabla hujajua kama umepata. Mfadhili anayetaka mtu wa Kilosa angeanza kwa kumrudishia fedha hiyo.

Sasa tugeukie yanayotuhusu zaidi, maana milango ya nje inazidi kuwa myembamba. Norway, ambako chuo cha umma kilikuwa bure kwa yeyote, ilianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023, na pamoja nayo Tromsø, yenye kituo chake cha masomo ya amani. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani bado havitozi ada, ila anayejitegemea hapati viza mpaka aonyeshe zaidi ya yuro 11,000 zilizofungiwa benki kwa mwaka. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha msaada wake wa nje hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi 1 Julai 2025, na pamoja nalo ikapotea miradi mingi ya amani iliyokuwa ikiwaajiri wahitimu wa fani hii. Kusoma usimamizi wa migogoro kwa matumaini ya kuajiriwa na mradi wa Mmarekani lilikuwa jambo la busara miaka mitano iliyopita. Leo hapana.

Na hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Mhitimu wa Chevening anaambiwa arudi kwao miaka miwili. Arudi kwenye kiti gani? Hatukumbuki kuona tangazo la ajira la halmashauri yoyote likitafuta mtu mwenye uzamili wa usuluhishi. Anarudi, anaajiriwa kama ofisa wa jambo jingine, au anabaki Dar es Salaam na Nairobi akiandika maandiko ya miradi. Miaka miwili ikiisha anaondoka, na hatuna haki ya kushangaa.

Ajabu ni kwamba kazi ipo, tena imeandikwa katika sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi. Mabaraza ya kata, yaliyokuwa na uwezo wa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi, yalinyang'anywa uwezo wa kuamua yakaachiwa kazi moja tu: kupatanisha. Yana siku 30. Yakishindwa, mlalamikaji ana ruhusa ya kwenda mbele. Mabadiliko yenyewe tunaona yana mantiki, maana baadhi ya mabaraza yalikuwa yameshaanza kujiona Mahakama Kuu. Lakini hesabu uone kilichotokea. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900. Kila baraza kisheria lina wajumbe kuanzia wanne hadi wanane, watatu wao wanawake. Kwa kiwango cha chini kabisa, hao ni watu zaidi ya 15,000 ambao chombo chao pekee cha kisheria ni ulimi na subira. Nani amewafundisha? Semina ya siku mbili, kwa waliobahatika.

Wajumbe hao hawahitaji uzamili. Wengi hawana hata shahada ya kwanza, na hilo halijawazuia kuwa wapatanishi hodari. Anayehitaji uzamili ni mtu mmoja katika kila halmashauri: wa kuwafundisha, kuwatembelea, kukaa nao kikao kinapokuwa kigumu, kuweka kumbukumbu za nini kilikubaliwa na kama kilitekelezwa, na kumwambia mkuu wa wilaya mapema kwamba mwaka huu maji yatakauka kabla ya Septemba. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Tukisomesha 46 kila mwaka, katika miaka minne kila halmashauri ina wake. Arobaini na sita ni pungufu ya wale 50 wa uzamili ambao Rotary, klabu ya watu wanaochangishana kwenye chakula cha mchana, inawasomesha kwa dunia nzima. Serikali haiwezi kushindwa na klabu.

Wala si lazima waende Ulaya. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa usimamizi wa migogoro ya kimataifa. Wajesuiti wa Hekima, palepale Nairobi, wana taasisi yao ya amani na uhusiano wa kimataifa tangu 2004. Chuo Kikuu cha Gulu kina taasisi ya amani katika mji ulioishi vita vya Kony karibu miaka 20. Huko mwanafunzi akitaka kujua maana ya msamaha hahitaji kufungua kitabu, anavuka barabara. Rwanda ina kituo cha usimamizi wa migogoro tangu 1999, na nchi nzima ilikuwa darasa wakati wa mahakama za kijamii za gacaca. Mtanzania anayesoma Gulu ni mwanafunzi wa kimataifa kama yule wa Bradford, na fedha inayomsomesha mmoja Uingereza ingesomesha kadhaa huko.

Nani alipe? Ufadhili wa Samia umekwenda kwa wanaofanya vizuri katika sayansi. Ufadhili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu kule Kampala kwa fedha za Wajerumani, ulilenga hisabati, uhandisi, kompyuta, sayansi na biashara. Hatuna kinyongo na wahandisi. Ila barabara iliyojengwa na mhandisi ikipita katikati ya malisho bila mtu kukaa na wenye malisho, mhandisi yuleyule atakuja kulindwa na polisi. Jumuiya ambayo sasa ina Kongo, Sudan Kusini na Somalia ndani yake, na bado haina senti ya kumsomesha mpatanishi, imejidanganya kuhusu inachokihitaji.

Wakenya wametangulia hatua kidogo. Katiba yao ya 2010, ibara ya 159, inaziagiza mahakama zikuze upatanishi na njia za jadi, na tangu 2016 mahakama zinapeleka kesi kwa wapatanishi waliosajiliwa. Ni mwanzo wa soko la kweli la fani hii, ingawa mpaka sasa linamnufaisha zaidi wakili wa mjini kuliko mzee wa Wajir.

Jambo jingine hakuna mfadhili wa nje atakayetufanyia hata akitaka. Ni lugha. Zanzibar ilipata Muafaka wa kwanza Juni 1999 kwa usimamizi wa Jumuiya ya Madola, na wa pili Oktoba 2001 baada ya mauaji ya Januari mwaka huo. Karatasi zote mbili zilikuwa nzuri. Lakini Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu wenyewe kwa wenyewe, watu hawakuuita Muafaka wa tatu. Waliyaita Maridhiano, na Julai 2010 zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni wakayakubali. Muafaka ni pande mbili kukubaliana. Kuridhiana ni mmoja kumridhia mwenzake, na wewe hujaridhia mpaka moyo umeshuka. Ongeza suluhu, ongeza upatanishi, ongeza sulhu ya waumini msikitini. Kila neno lina kikao chake, watu wake na kipimo chake cha lini jambo limekwisha. Mwanafunzi wetu anayeandika tasnifu kwa Kiingereza analazimika kuyamwaga yote katika neno moja au mawili, kisha anarudi na maneno hayo mawili kuwafundisha watu wenye matano.

Tasnifu na iwe ya Kiingereza, hatuna ugomvi. Lakini kila atakayesomeshwa kwa fedha za umma alazimishwe kuacha kijitabu cha Kiswahili, kurasa arobaini, ambacho mjumbe wa baraza la kata anaweza kukisoma kwa miwani ya kuazima. Tunajua wapo watakaosema hilo si la kitaaluma. Wajaribu kwanza kueleza nadharia yao kwa Kiswahili mbele ya wazee, ndipo tutajua kama wameielewa.

Tazama Goma, mashariki mwa Kongo. Ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Tangu mgogoro huu uanze kuwaka upya, meza za mazungumzo zimewekwa Nairobi, Luanda, Doha na Washington, ambako Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano 27 Juni 2025. Katika soko la Virunga mjini Goma, lugha ya kuuziana ndizi na kutukanana ni Kiswahili. Ni Kiswahili hichohicho anachokizungumza mwanamke wa Bukavu, wa Kigoma na wa Bujumbura. Yapo mambo ya madini na majeshi ambayo mama wa sokoni hawezi kuyaamua, tunajua. Lakini majirani walioporana mashamba watabaki palepale baada ya ndege za wajumbe kuondoka, na atakayekaa nao lazima ajue jinsi ya kumwambia mtu mzima amekosea bila kumvunjia heshima, kwa lugha hiyo.

Tunaitaka wizara inayohusika na serikali za mitaa iandike nafasi hiyo ya ofisa upatanishi katika muundo wa utumishi wa halmashauri, bajeti ijayo. Tunalitaka Baraza la Vyuo Vikuu lifungue mlango wa fani hii. Na Rotary, ambao wamethubutu kuja Makerere na kozi inayomwacha mtu aendelee na kazi yake huku akisoma, tunawaomba waongeze uzamili hapohapo, waache kumpeleka mtu wa Karamoja akajifunze Karamoja kule Uingereza.

Dirisha likifungwa Mei 15, masika nayo huwa inakaribia kwisha. Mwezi wa sita nyasi za juu zitaanza kukauka na mifugo itashuka kuelekea mabonde ya Kilosa. Mtu atagonga mlango wa mtendaji usiku. Asubuhi baraza litakaa, wajumbe wanne kama wametimia, daftari moja, na siku 30.